Mfuko wa Jinzi

Mtaa mzima walimwita Gramu, na jina hilo hakubandikwa na adui, alijitafutia mwenyewe. Fundi wa mizani gani anayekwenda kununua nyama akiwa na jiwe la kilo mfukoni? Muuza nyama akimwona anakuja alianza kufuta bamba la mizani yake mbiombio, kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu. "Ndugu yangu, gramu kumi na tano hapo zimepotea," angesema Gramu kwa upole kabisa, na walio nyuma yake kwenye foleni wangeguna, maana walijua leo hapaishi mapema.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe mtoto! Tena mtoto aliyesubiriwa miaka saba, halafu akazaliwa na kilo mbili na gramu mia nne, kidole chake kinene kama njiti ya kiberiti. Walimwita Kiduchu kabla hata hawajakubaliana jina, na Kiduchu likamganda.

Juma la kwanza Gramu alileta mizani ya mezani kutoka karakana, akaiweka chumbani karibu na kitanda. Kiduchu alipimwa kabla ya kunyonya, akapimwa baada ya kunyonya, na hesabu zote zikaandikwa kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Gramu thelathini. Gramu arobaini. Siku zikitoka gramu kumi, alimtazama mkewe kifuani kwa macho ya fundi anayetafuta springi iliyolegea.

Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache, mdomo wake mara nyingi una pini. Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi alitoa pini zote mdomoni, akazichoma kwenye kifuko chake moja moja, na Gramu akajua leo kuna jambo.

"Baba Kiduchu, mimi ni mama yake au mteja wako?"

"Mama watoto, nataka tu kujua kama—"

"Sikia. Mtoto huyu atapimwa kliniki, mara moja kwa mwezi, kama watoto wa wenzako. Ukimlaza tena kwenye hilo bati lako, mimi na yeye tunakwenda kwa mama."

"Na mimi ndiye huyo mama, nipo hapa hapa," akadakia mama mkwe, aliyekuwa anakunja nepi. "Mizigo nitabeba mwenyewe."

Gramu aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaapa. Haki ya Mungu, hampimi tena. Akarudisha mizani karakana, mkewe akafuta fremu ya mlango kwa kitambaa kibichi. Na nampa sifa yake, kiapo alikishika. Tatizo ni kwamba mwanaume huyu hakuwa amejifunza njia nyingine ya kumshika mtoto zaidi ya ile ya kumpandisha kwenye mizani. Alipopewa Kiduchu alimbeba mikono imekakamaa kama aliyepewa trei ya mayai, na kabla dakika mbili hazijaisha keshamrudisha kwa mwenyewe. "Haya, mama yake anamtaka." Mtoto wa watu alikuwa hajataka kitu.

Mwezi wa kwanza Kiduchu alikuwa na kilo tatu na mia moja. Wa pili, kilo nne kamili, na tabasamu. Lile tabasamu la kwanza alilipata bibi yake, wakati anamfuta masikio, na bibi aliringa nalo siku nzima kana kwamba amelishona yeye. Mwezi ule ule kliniki walimwita Gramu awatengenezee mizani yao, ile ya kuning'iniza, ambayo mtoto huvalishwa mfuko wenye matundu mawili ya miguu, akaning'inia kwenye ndoano kama kiazi kilichoshangaa, na mshale ukaonyesha uzito wake.

Alikuta uharibifu. Nesi wa pale alikuwa na mazoea ya kuizungusha skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri kila asubuhi, mara huku, mara kule, kwa makadirio ya jicho lake.

"Nesi, hii si redio," Gramu alimwambia, mbele ya benchi zima la kina mama. "Huwezi kuizungusha mpaka upate stesheni."

Kina mama wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. Gramu akaning'iniza ule mfuko mwepesi wa kitambaa, akaweka mshale juu ya sifuri sawasawa, kisha akapitisha waya mwembamba kwenye skrubu na kuubana kwa lakiri yake, muhuri wa madini ya risasi wenye alama yake. "Kuanzia leo mtu asiiguse. Mshale huu, popote utakapokaa, umekaa nilipoutaka mimi. Nikikuta lakiri imekatwa, nitajua nimuulize nani."

"Sawa, fundi," alisema nesi. "Haitaguswa."

Mwezi wa tatu Kiduchu alikuwa na kilo nne na mia saba, kicheko cha sauti, na jambo moja dogo ambalo aliliona mama yake peke yake. Mtoto akinyonya alikuwa anatoka jasho. Paji la uso linalowa, nywele zinanata, na baada ya mikupuo michache anaachia titi na kuhema, macho yake yakimtazama mama kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Anapumzika, anarudi, anaachia tena, mpaka usingizi unamchukua hajashiba.

"Joto," alisema mama mkwe. "Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo. Halafu mtazame alivyo mpole, halii kabisa. Wenzako wanalilia mtoto wa hivi."

Kweli Kiduchu alikuwa halii. Majirani walimsifu kwa hilo.

Siku chache baadaye mkewe Gramu alishona mfuko mpya wa kliniki. Aliona kliniki kuwa mfuko wa kupimia umechanika mshono, mtoto mmoja nusura adondoke, na mshonaji hawezi kuona kitu kama kile akalala. Akachukua jinzi nzito iliyobaki kwenye kazi ya mteja, akatia bitana ya turubai, akapiga mshono mara tatu, akaweka mikanda miwili yenye bizimu na pete nne za chuma. Mfuko huo ungeweza kubeba ndama. Akaupeleka kliniki bila malipo, na nesi akamshukuru, akauning'iniza siku hiyo hiyo.

Mwezi wa nne Gramu hakwenda kliniki. Ulikuwa msimu wa ukaguzi, wenye maduka wote wanakimbilia karakana ili mizani zao zipasishwe. Alirudi jioni, akaomba kadi ya kliniki kabla ya kuomba maji ya kunawa.

"Tano na mia nne!" akapiga kofi pajani. "Mama Kiduchu, umeona? Gramu mia saba kwa mwezi! Huyu mtoto anakula saruji?"

Mkewe alikuwa amekaa na mtoto mapajani, kidole chake kikipita taratibu kwenye mbavu.

"Mimi naona amepungua."

"Amepungua vipi na kadi hii hapa?"

"Mikono yangu inaniambia."

"Mikono!" Gramu akacheka, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kucheka kicheko kibaya kuliko hicho. "Mizani ile nimeifunga mwenyewe, kwa lakiri yangu. Unabishana na lakiri?"

Mkewe akamfunika mtoto kwa kanga. Lakini kuanzia hapo nyumba ile haikukaa tena kwa raha. Mwanamke akinyonyesha, anahesabu moyoni mikupuo. Mwanaume akila, anatupa jicho kule alipolala mtoto, kisha analitupa kwenye kadi iliyochomekwa ukutani, na kadi inamtuliza. Kiduchu alikuwa amejifunza kujigeuza kifudifudi, siku ya kwanza wote watatu walimpigia makofi. Wiki tatu baadaye aliacha. Akiwekwa chali anabaki chali, anaangalia mikono yake, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka.

"Amechoka kucheza," alisema Gramu.

"Mtoto wa miezi minne amechoka?"

"Na wewe unatafuta ugonjwa kwa tochi!"

Mwezi wa tano kadi ikasema kilo tano na mia sita. Nesi aliandika pembeni: *ameongezeka kidogo, aendelee kunyonya.* Nukta ya uzito kwenye mchoro wa kadi ilikuwa imeshuka kuelekea mstari wa chini, ule wa hatari, lakini ilikuwa bado juu yake. Gramu aliushika mstari ule kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima.

Asubuhi iliyofuata mkewe alimwekea mezani gauni dogo la maua.

"Hili nililishona akiwa na miezi mitatu. Niliacha inchi mbili za mkunjo huku, na mbili huku, ili akikua nifumue. Leo ana miezi mitano. Sijafumua hata uzi mmoja."

"Kitambaa huvutika."

"Hiki hakivutiki! Nimeshona miaka kumi na minne, wewe utanifundisha kitambaa?" Mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amepaza sauti, na mama mkwe aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma kimya kimya. "Mwili wake umo humu humu ndani ya mshono wa mwezi wa tatu. Kadi yako inasema ameongezeka karibu kilo nzima. Hiyo kilo iko wapi? Nionyeshe! Iko mguuni? Iko shavuni?"

Gramu alitazama gauni, akatazama saa. "Wateja wananisubiri," akasema, akatoka. Aibu ilimpata kabla hajafika kona, lakini hakurudi.

Hakuwa amekaa karakana saa moja mlango ukafunguka. Mkewe aliingia na mtoto begani. Alipita katikati ya wateja wawili bila salamu, akaondoa mizani ya muuza sukari juu ya meza, akavuta ile ya mezani, ile ile aliyoifukuza nyumbani, akatandika kanga yake.

"Sifuri," alimwambia mumewe.

"Mama Kiduchu, niliapa—"

"Kiapo nilikulisha mimi, na leo nakutapisha. Weka sifuri."

Akaweka sifuri, na kanga juu. Mkewe akamlaza mtoto. Kiduchu hakulia, alikunja tu vidole. Mshale ukaenda, ukatetemeka, ukasimama.

Kilo nne na gramu mia tisa themanini.

Mteja mmoja alikohoa. Gramu akasema, "Mizani hii ina hitilafu." Akafungua sanduku lenye mawe ya kupimia, yale yanayofungwa kwa kitambaa laini na yasiyoguswa kwa mikono mitupu, akatoa la kilo tano, na mara hii akalishika kwa mikono mitupu. Mkewe akamnyanyua mtoto. Jiwe likakaa. Kilo tano kamili, bila unywele kuzidi. Akavuta mizani ya pili, ya tatu. Mtoto akalazwa, akanyanyuliwa, akalazwa, na kote ni ile ile, nne na mia tisa themanini.

"Basi," alisema mkewe. "Mwache."

Walikwenda kliniki karibu wakikimbia, yeye na mtoto, mumewe nyuma na jiwe la kilo tano amelikumbatia kifuani. Hata karakana hakufunga. Waliingia wakavuka benchi.

"Nyie! Foleni!" wakapiga kelele kina mama.

Nesi alinyanyua macho. Gramu hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani, akaliweka jiwe ndani ya mfuko, akaachia. Mshale ukapita tano. Ukafika tano na mia sita, ukatulia pale kama kitu cha kawaida.

Akatoa jiwe. Mfuko ukabaki mtupu, unaning'inia na pete zake na bizimu zake, na mshale ukarudi, lakini haukufika sifuri. Ukasimama kwenye mia sita.

"Nesi," alisema Gramu taratibu. "Huu mshale unakaa hapa tangu lini?"

"Tangu mfuko mpya. Nilishangaa mwenyewe."

"Na hukuizungusha skrubu?"

Nesi akavua miwani. "Wewe si uliifunga? Si ulisema popote utakapokaa, umekaa ulipoutaka wewe? Mara ya mwisho nimeigusa ulinifanya kichekesho mbele ya watu. Nikasema, fundi anajua anachofanya, mimi ni nani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kina mama kwenye benchi walikuwa wameanza kuwatazama watoto wao.

"Mfuko ni wangu," alisema mkewe. Akakaa kwenye ukingo wa benchi. "Niliushona mimi. Niliweka turubai. Nilidhani namsaidia mtu."

Gramu alitoa koleo mfukoni. Akaukata waya. Lakiri yake ikaanguka sakafuni, ikabingirika chini ya meza. "Zungusha, nesi," akasema. "Zungusha kila asubuhi. Nilikukosea."

Lakini nesi alikuwa hamsikilizi. Alikuwa ameinama juu ya Kiduchu, amemfungua gauni, jicho moja kwenye kifua cha mtoto na jingine kwenye saa. Aliutazama mwili wa mtoto, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miezi miwili kuutazama bila mshale kumwambia aone nini. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila pumzi.

"Pumzi sabini kwa dakika," alisema. "Huyu anakwenda hospitali. Sasa hivi, msipitie nyumbani. Naandika barua."

Siku ile ile daktari wa watoto alimwekea Kiduchu kile chombo baridi kifuani, akasikiliza muda mrefu kuliko Gramu alivyoweza kustahimili, kisha akampaka mafuta na kumwangalia moyo kwenye kioo cha mashine. Kulikuwa na tundu. Ukuta wa katikati ya moyo haukuwa umeziba, damu inapita pasipopita, na mtoto alikuwa anatumia nguvu zake zote kuhema na kunyonya, hazibaki za kunenepa wala za kulia.

"Alikuwa mpole," alisema Gramu, akajisikia mpumbavu.

"Alikuwa amechoka," daktari alijibu. "Mafua tu ya kawaida yangetosha kumwondoa. Mmewahi, lakini chupuchupu. Kuna operesheni. Siwezi kuifanya na mwili huu, hautahimili. Nitampa dawa za kusaidia moyo, na maziwa ya mama yakamuliwe, anyweshwe kidogo kidogo, kila saa mbili. Nileteeni kilo tano na nusu. Nusu kilo tu. Ikifika, tunampasua. Isipofika…" Akavuta karatasi, akaanza kuandika dawa.

Nje, kwenye korido, Gramu alifungua mdomo. Alikuwa amepanga maneno, mengi, tangu karakana.

"Usiniombe msamaha," alisema mkewe, macho yamevimba. "Na mimi sikuombi. Mfuko wangu, lakiri yako, tutagawana tukiwa na nafasi. Mbebe."

"Nimbebe?"

"Daktari amesema akikaa wima anahema vizuri. Mimi nina maziwa ya kukamua. Mbebe!"

Basi akambeba. Kliniki waliwaita upya watoto thelathini na wanane waliopimwa kwa mfuko ule, na Gramu alikuwepo siku zote mbili, Kiduchu begani, akiwatazama kina mama usoni mmoja mmoja wakati nesi anapima. Wanne walikutwa wako chini ya mstari. Mama mmoja alimtukana, naye akaitikia "Ndiyo, mama," hakuongeza neno. Karakana alikaa na mtoto amefungwa kifuani kwa kanga. Wateja waliomzoea walimkuta anatengeneza mizani kwa mkono mmoja, na akiambiwa gramu tano zimezidi alisema hizo achia tu. Mama mkwe alimfundisha kumshika shingo, kumcheulisha, kumbadilisha akiwa amesimama. "Sasa umekuwa mtu," alimwambia, na kwa mama mkwe yule hiyo ilikuwa nishani.

Hakumpima. Hakuna aliyemkataza. Kila Jumatatu walikwenda kliniki kwa miguu, nesi anapima, wanarudi. Tano na hamsini. Tano na mia moja. Juma moja akarudi nyuma gramu thelathini, na nyumba nzima haikula. Wakaongeza zamu moja ya maziwa alfajiri. Tano na mia mbili. Kiduchu akamshika pua bibi yake. Akajigeuza kifudifudi tena, mara moja, akalia kwa hasira alipokwama, na wote watatu wakamwacha alie kidogo kwa sababu hawakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Jumatatu aliyotimiza miezi saba walitoka asubuhi kama kawaida. Mkewe alibeba mfuko wa nepi, Gramu akambeba Kiduchu kwa mkono wa kushoto, naye amevaa lile gauni la maua. Walipita kwa kinyozi, wakapita kwa fundi baiskeli, wakaanza kupanda ule mlima mdogo wa kuelekea kliniki. Majuma yote yaliyopita Gramu aliupanda mpaka juu kwa mkono ule ule mmoja, anapiga soga njiani. Leo alifika katikati, akasimama.

"Ebu nipokee mara moja," alisema, anahema. "Mkono umekufa ganzi."

Mkewe alinyoosha mikono, kisha mikono ikabaki hewani. Akamtazama mumewe. Gramu naye akawa ameyasikia aliyoyasema, akaushusha uso wake, akamtazama mtoto, akaupima kwa mara ya kwanza ule mvuto wa begani mpaka kwenye kiwiko, na akajua, kabla ya mizani yoyote, kwamba ile nusu kilo ya daktari imefika. Na ikiwa imefika, basi watampasua.

"Mama Kiduchu," alisema.

"Najua," alisema mkewe, machozi yanamshuka. "Asubuhi nilifumua mkunjo. Sikutaka kukuambia."

Walisimama pale kando ya barabara, watu wanawapita. Kiduchu alinyoosha mkono, akashika kidevu cha baba yake, akakivuta kwa nguvu. Gramu akamhamishia mkono wa kulia, wakaendelea kupanda.